KUZIKINGA KUTA ZA NYUMBA ZETU NA UNYEVU NA CHUMVI YA BAHARI

Kila mvua za Masika zinapomalizika, wenye nyumba wengi wa Unguja hukuta kuta zao za nje zimeota madoa meusi, rangi imefutuka na plasta imeanza kuanguka vipande vipande. Aghlabu mwenye nyumba humwita fundi, akanunua mifuko ya saruji na ndoo ya rangi, na kazi ikamalizika kwa siku mbili. Masika ya pili yanapokuja, madoa hurudi pale pale, na mara nyingi huwa yamepanda juu zaidi. Makala hii inakusudia kuwaeleza wananchi na watumishi wa Serikali sababu ya jambo hilo, na hatua zinazofaa kuchukuliwa ili fedha za watu zisipotee bure.

Unguja ni kisiwa. Kaskazi na Kusi, pepo zetu mbili za mwaka, zote hupita juu ya bahari kabla ya kutufikia, na hubeba vumbi jembamba la maji ya chumvi. Nyumba za Forodhani na Shangani hulipata zaidi kwa kuwa zimeikabili bahari, lakini hata anayejenga Tunguu, katika Wilaya ya Kati, hayuko nje ya pepo hizo.

Chumvi ina tabia mbili ambazo kila mjenzi anapaswa kuzifahamu. Kwanza, huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 75, jambo la kawaida visiwani mwetu, chumvi iliyomo ukutani huloa yenyewe hata kama mvua haikunyesha. Pili, ukuta unapokauka, chumvi hugeuka chembe ngumu ndani ya vitundu vya plasta. Chembe hizo hukua na kuisukuma plasta kutoka ndani mpaka ikapasuka. Ule unga mweupe unaoonekana ukutani ni dalili ya kazi hiyo.

Chumvi huingia katika nyumba kwa milango mitatu. Wa kwanza ni upepo, nao hauwezi kufungwa. Wa pili ni ardhi, kwani maji ya chini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Wa tatu ni mikono ya mjenzi mwenyewe, anapochanganya saruji kwa mchanga wa pwani au kwa maji ya kisima yenye munyu. Mlango huu wa tatu ndio rahisi kuufunga, nao ndio unaosahauliwa zaidi. Mchanga wa pwani huonekana wa bei nafuu siku ya kujenga, lakini hulipwa kila mwaka baada ya hapo. Na kuuchota kunaila pwani yenyewe.

Wazee waliojenga Mji Mkongwe waliyajua mambo haya kwa uzoefu. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa, wakazipiga plasta ya chokaa na kuzipaka chokaa tena na tena. Chokaa ni laini na ina vitundu, hivyo maji yanayoingia ukutani hupata njia ya kutoka. Chumvi ikiharibu, huharibu plasta ya juu, ambayo ni rahisi kubadilishwa, na jiwe lililo nyuma yake husalimika.

Saruji ina tabia nyengine. Ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa hushika kama ganda gumu. Nyufa nyembamba hutokea, maji ya mvua huingia kupitia nyufa hizo, kisha hukosa pa kutokea. Ukuta unaonekana mkavu nje ilhali ndani umelowa. Hatari kubwa iko kwenye boriti za mikoko zinazobeba sakafu, kwa kuwa vichwa vyake vimezikwa ndani ya ukuta huo. Vichwa hivyo huoza kimya kimya bila ya mtu kuona, hadi siku sakafu inapoinama juu ya watu wanaoishi chini yake. Rangi ya mafuta na tarazo za kubandika nje huleta madhara yale yale.

Kwa hiyo kanuni ya kuikumbuka ni moja: ukuta hauharibiwi na kulowa peke yake, bali na kukosa nafasi ya kukauka. Kutokana na kanuni hiyo, wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Aanze na maji kabla ya rangi. Atengeneze paa linalovuja, azibue mlizamu, na auongeze upenu ili maji yasiteremke ukutani. Ardhi inayouzunguka msingi iinamishwe nje, na udongo au takataka zisirundikwe ukutani.

2. Ukuta wa zamani wa mawe utengenezwe kwa chokaa. Mchanganyiko wa kawaida ni fungu 1 la chokaa iliyozimwa vizuri kwa mafungu 3 ya mchanga safi. Plasta ya chokaa hukauka taratibu. Ifunikwe na irashiwe maji, isipigwe jua kali. Anayezima chokaa ajikinge macho na mikono, kwa kuwa huunguza.

3. Kwa nyumba mpya ya matofali ya saruji, paitandikwe karatasi nzito ya nailoni juu ya msingi kabla ya kuinua kuta, ili maji ya ardhini yasipande. Plasta ya nje isiwe kali mno. Fungu 1 la saruji, 1 la chokaa na 6 ya mchanga hutosha. Imwagiliwe maji baridi kwa siku 7.

4. Nondo zifunikwe na zege la milimita 40 hadi 50 katika nguzo na mihimili ya nje. Chumvi ikizifikia, nondo hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikalipasua zege. Misumari na mabati yawe ya kupakwa zinki.

5. Ukuta ulioonesha unga mweupe usugulie kwa brashi kavu na uachwe ukauke kabla ya kupakwa. Kuosha kwa maji mengi hurudisha chumvi ndani. Kipindi cha Kaskazi, baina ya mvua za Vuli na Masika, ndicho kinachofaa kwa kazi ya rangi.

Wakaazi wa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wanakumbushwa kuwa matengenezo ya nje yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, ni vyema mwenye nyumba akaenda kuuliza.

Sote tunakumbuka yaliyotokea Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 mbele ya bahari. Mwaka 2012 sehemu ya roshani yake ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jengo iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo kubwa huwa na sababu zake nyingi, na makala hii haikusudii kuzihukumu. Lakini tukio hilo linatufunza kuwa jengo la kale linapochelewa kutengenezwa, gharama yake haiishii katika fedha.

Watumishi wengi wanajenga Tunguu na vitongoji vyake kwa akiba ya miaka mingi au kwa kiinua mgongo, na hawatapata kingine cha kujengea tena. Wazee wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kuwa ufa wenyewe uzibwe kwa kitu kinachopatana na ukuta, na baada ya kujulikana maji yanatoka wapi.