Unataka Nyumba Nyankunde? Angalia Jiko Kwanza

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, wengi wenu mnahesabu miaka ya kazi iliyobaki na kutafuta nyumba yenu wenyewe, nje ya kambi. Wengine macho yao yako Nyankunde, katika teritware ya Irumu, kusini-magharibi ya Bunia. Sababu tunaielewa. Kuna hospitali kubwa iliyoanzishwa miaka ya 1960, na shule ya wauguzi. Mama mwenye mimba hana haja ya kusafiri mbali.

Tuseme umeonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu na saluni, kuta za matofali ya kuchoma, mabati juu. Parseli ina nafasi ya bustani, jiko liko nyuma, choo pembeni. Bei imekupendeza. Usitoe pesa bado!

Uliza karatasi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo ni mali ya Serikali. Anayekuuzia anakuachia nyumba na haki ya kuutumia. Hapo Nyankunde jambo hili lina uzito wake. Tarehe 5 Septemba 2002 mji ulishambuliwa, watu wengi waliuawa, hata wagonjwa vitandani, na hospitali iliporwa. Waliopona walikimbia. Basi uliza majirani wa zamani: mwenye nyumba wa kwanza alikuwa nani, na watoto wake wako wapi?

Choo kiwe mbali na kisima, tena upande wa chini. Madirisha yafunguke, na kila kitanda kipate chandarua. Hayo mnayajua.

Sasa ingia jikoni, na uulize swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: hapa palichomwa zahabu?

Katika Ituri wachimbaji wengi wa mikono hukamata zahabu kwa merkiri, ndiyo zebaki. Wanaikamua katika kitambaa, kisha wanachoma donge juu ya moto wa makala. Mara nyingi moto huo ni ule ule wa kupikia, mtoto akiwa mgongoni. Merkiri inageuka mvuke. Huuoni, hausikii harufu yake. Ukipoa unarudi kushika ukuta wa udongo, mabati, sufuria na nguo. Siku nyingine mama anawasha moto wa sombe, jiko linapata joto, na mvuke unaamka tena. Jamaa inavuta sumu ya kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeifanya.

Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, ufizi unauma, mtu anasahau na kukasirika bure. Majirani wanasema amelogwa. Mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu sumu inaharibu ubongo unaojengwa. Ukiona dalili hizi, nenda kwa mganga wa hospitali, na umwambie wazi habari ya merkiri.

Ukisikia palichomwa, usipike humo, usilaze mtoto humo, wala usifagie kwa ufagio mkavu. Tafuta nyumba nyingine, au hesabu katika bei jiko jipya, mbali na vyumba vya kulala, na mabati yale ya zamani usiyarudishe juu yake.

Muuzaji atakuambia jiko lilikuwa la sombe tu. Mshukuru, kisha uwaulize watoto wa jirani. Wao waliona.