Kazi ya kutafuta ugonjwa wa tembo, na somo lake kwa mbuzi wetu wa Kabimba



Katika mkutano wetu pale Kabimba, mama mmoja alituuliza: « Nyinyi watu wa kilimo, mbona mnatuletea habari za tembo? Siye tuko na mihogo, mahindi, michikichi na mbuzi. » Swali ni zuri. Leo tunajibu.

Tuko na mwenzetu tuliyesoma naye agronomia. Siye tulikuja kwenye mashamba, yeye akaendelea upande wa magonjwa ya nyama, na sasa anafanya doktora juu ya magonjwa ya tembo. Watu wanafikiri anashinda mbele ya kompyuta. Hapana. Saa kumi na moja asubuhi tayari yuko nyuma ya walinzi wa mbuga, anatafuta mavi. Tembo mmoja anatoa karibu kilo 100 za mavi kwa siku, basi hayakosekani, lakini yeye anataka yale mabichi. Anachukua kidogo katikati ya donge, anatia ndani ya chupa ndogo yenye alkoli, anaandika tarehe, saa na mahali. Mavi yanamwonyesha minyoo, chakula ambacho tembo alikula, hata alama za vijidudu, bila kumgusa tembo mwenyewe.

Kazi ngumu inaanza tembo akifa. Kule joto ni kali, na kisha siku mbili au tatu mzoga umeoza, haufai tena kupima. Sampuli zinahitaji baridi, na kurani inakatika. Mwaka mmoja frigo yake ilizima usiku kucha, kazi ya miezi mitano ikaharibika. Alitupigia simu, akakaa kimya muda mrefu. Na kama mashine ya kupima iko inchi nyingine, sampuli ya tembo haivuki mpaka bila karatasi ya CITES, mapatano ya mataifa juu ya biashara ya nyama na mimea ya pori.

Ndiyo maana majibu yanachelewa. Mwaka 2020, tembo karibu 350 walikufa Botswana, katika eneo la Okavango. Serikali kule ilisema ni sumu ya vijidudu vya majini. Mwaka huohuo tembo 35 walikufa Zimbabwe. Wataalamu walitangaza tu mwaka 2023 kwamba kwa wale wa Zimbabwe walikuta bakteria iliyoingia katika damu. Afrika Kusini, katika mbuga ya Kruger, tembo mmoja wa pori alikufa mwaka 2016 kwa kifua kikuu cha aina ya binadamu. Kumbe ugonjwa unatoka kwa nyama kuja kwetu, na unatoka kwetu kwenda kwa nyama.

Sasa tuje nyumbani. Ugonjwa ambao mwenzetu anauogopa zaidi ni kimeta, ule maveterineri wanauita sharboni. Unaua tembo, kiboko, ng'ombe, mbuzi, kondoo, na mtu pia. Mwezi wa 4 mwaka 2025, hapahapa Kongo, katika mbuga ya Virunga, viboko karibu 50 walikufa kwa kimeta upande wa mto Ishasha na ziwa Edward. Kule viboko walikuwa karibu 20,000 zamani, uwindaji ukawamaliza, wakaanza kurudi kidogokidogo hadi karibu 1,200. Hesabu wenyewe hasara hiyo.

Kimeta kinafanyaje kazi? Nyama ikiugua, damu yake inajaa bakteria. Ikifa na mtu akaipasua, bakteria wanakutana na hewa, wanajifunga ndani ya ganda gumu, sawa mbegu inayongoja mvua. Wanaweza kulala ndani ya udongo miaka makumi. Mvua ikiwatoa juu, au ukame ukifanya mbuzi wakule majani mpaka kwenye mizizi, ugonjwa unaamka. Kwa hiyo anayepasua mzoga mmoja anapanda ugonjwa katika malisho ya wajukuu wake.

Alama ni hizi: nyama iliyokuwa nzima jana inakufa ghafla, tumbo linavimba upesi, damu nyeusi inatoka puani, mdomoni au nyuma, na haigandi. Ukiona hivyo:

1. Usipasue, usichune, usikule, usiuze. Kupika hakumwokoi yule aliyeshika damu wakati wa kuchinja.
2. Fukuza mbwa, funika mzoga kwa matawi, hamisha mifugo mbali.
3. Peleka habari kwa shefu wa kijiji na kwa veterineri siku hiyohiyo. Yeye atachukua damu kidogo, mara nyingi kwenye sikio, bila kufungua tumbo.
4. Mzoga unachomwa kabisa au unazikwa chini sana, karibu mita 2, mbali na maji, akielekeza veterineri.
5. Mtu akipata kidonda kisichouma chenye weusi katikati, aende kituo cha afya upesi. Dawa iko, na inaponya ikianzwa mapema.

Neno moja kwa Kabimba. Hapa tuko na mawe ya chokaa, na mkono unakimbilia chokaa kila tunapozika kitu kichafu. Kwa kimeta, tuache. Wataalamu wameonya kwamba kalsiamu iliyo ndani ya chokaa inaweza kusaidia mbegu za ugonjwa zidumu.

Chanjo ya mifugo iko, inatolewa kila mwaka. Mbuzi kumi wa familia moja ni karo ya shule. Ushirika ukiomba chanjo pamoja, veterineri anapata sababu ya kusafiri.

Mama aliyeuliza, jibu ndilo hili. Mwenzetu anasema wenye kumwokolea kazi ni wakulima na wavuvi, kwa sababu wao ndio wanaona mzoga siku ya kwanza, siku ile ambayo damu bado inaweza kusema. Akichelewa kusikia, anabaki na mifupa. Basi tuone, tusiguse, tuseme.