Karatasi Haijui Mwili Wako

Maneno machache kwa akina mama na mabinti watakao kujishonea gauni nyumbani

Pengine umekwisha kununua kitenge kizuri, ukakikunja na kukiweka sandukuni, na huko kimekaa mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Cherehani unayo, au jirani yako anayo. Kiolezo cha karatasi umepewa na rafiki. Lakini kila ukishika mkasi, mkono watetemeka. Hofu hiyo si ujinga. Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudishwi dukani, na fedha iliyokinunua ni fedha ya nyumba, ambayo ingaliweza kununua unga au madaftari ya watoto. Basi leo tuifuate kazi hii pamoja nawe, tangu kupima hata kupinda pindo, upate kuukata mkato wa kwanza kwa moyo uliotulia.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote. Kiolezo hakikutengenezwa kwa ajili yako. Kimetengenezwa kwa ajili ya mwanamke wa hesabu, ambaye kifua chake, kiuno chake na nyonga zake zimepangwa katika jedwali. Mwanamke huyo huwezi kumkuta sokoni wala kisimani. Kwa hiyo gauni la duka au la mtumba likikubana nyonga na kulegea mabegani, usianze kuulaumu mwili wako, wala usimcheke binti yako kwa umbo lake. Mwili hauna kosa. Karatasi ndiyo isiyoujua, na karatasi yaweza kufundishwa kwa penseli na gundi. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakifundishiki.

KIOLEZO KILITOKA WAPI?

Zamani mwanamke aliyetaka gauni jipya alifumua lile kuukuu, akatandaza vipande vyake juu ya kitambaa kipya, akavifuata. Magazeti ya Ulaya na Marekani yalichapa violezo, lakini mara nyingi vilikuwa vya kipimo kimoja tu, na kila mmoja alipaswa kuvikuza au kuvipunguza mwenyewe. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, wa mji wa Sterling katika jimbo la Massachusetts, alianza kuuza violezo vya karatasi vilivyokatwa kwa vipimo mbalimbali, vidogo na vikubwa. Alianza na nguo za wanaume na za wavulana, na baada ya miaka michache zikaja za wanawake. Wakati huo cherehani ilikuwa imekwisha kupatikana: Elias Howe alipewa hataza ya mashine yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Cherehani na kiolezo vilipokutana katika nyumba moja, kazi iliyokuwa ya fundi peke yake ikawa pia kazi ya mama.

PIMA KWANZA

Usijipime mwenyewe. Ajipimaye huinama kutazama futi, na kipimo huharibika. Mwombe dada au jirani akupime nawe umesimama wima, umevaa nguo nyepesi. Apime kifua mahali palipojaa zaidi. Kwa kiuno, funga uzi kiunoni kisha jipinde upande huu na upande huu. Uzi utakaa wenyewe mahali pake. Nyonga zipimwe mahali palipo pana zaidi. Mwisho apime mgongo, kutoka mfupa unaotokeza nyuma ya shingo hata kwenye ule uzi wa kiunoni. Andika yote. Vipimo vya mwaka jana usivitegemee, hasa ukiwa umejifungua au wanyonyesha.

Sasa tazama jedwali lililo nyuma ya bahasha ya kiolezo. Usichague kwa namba ya magauni unayonunua dukani, kwa kuwa namba za violezo zina hesabu yake. Katika violezo vingi vya Marekani, namba 14 ni kifua sentimita 92, kiuno 71 na nyonga 97. Kwa gauni, fuata kipimo cha kifua. Mabega na makwapa ni magumu kurekebisha. Kiuno na nyonga ni rahisi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana kifua 92, kiuno 77 na nyonga 105. Atachagua namba 14, kisha atahitaji sentimita 6 zaidi kiunoni na 8 zaidi nyongani. Je, ataziongeza wapi? Kiolezo huonyesha nusu ya mbele na nusu ya nyuma tu, maana kitambaa hukatwa kikiwa kimekunjwa. Gauni zima lina kingo nne za ubavuni. Basi agawanye kwa nne: kiunoni aongeze sentimita moja na nusu kila ukingo, na nyongani sentimita mbili kila ukingo. Abandike karatasi nyingine pembeni, achore mstari mwororo kutoka kwapani, ambako haongezi kitu, upite kiunoni, ufike nyongani, kisha ushuke hata chini. Hesabu ndiyo hiyo tu. Kwa kupunguza, fanya vivyo hivyo kwa kuingia ndani.

Kama mgongo wako ni mrefu au mfupi kuliko wa jedwali, usiongeze wala kukata chini kwenye pindo, kwa kuwa kiuno cha gauni kitabaki pasipo pake. Violezo vingi vina mistari miwili iliyokaribiana, inayovuka kipande kutoka upande hata upande. Kata karatasi hapo, uvitenganishe vipande kwa kiasi unachotaka, na ubandike kipande cha karatasi katikati. Kwa kufupisha, kunja hapo hapo. Fanya hivyo mbele na nyuma kwa kiasi kilekile.

Angalia na nafasi ya mshono. Violezo vya Marekani kwa kawaida vimekwisha kuongezwa sentimita moja na nusu kuzunguka kila kipande. Vile vya gazeti la Burda la Ujerumani havina nafasi hiyo. Huna budi kuiongeza mwenyewe. Asiyesoma maelezo hupata gauni la mdogo wake. Na siku hizi, ambapo wengi huchapa violezo kutoka katika intaneti, pima kwanza kwa rula ule mraba mdogo uliochorwa kwa ajili ya majaribio. Kama si sawa na kipimo kilichoandikwa, mashine imepunguza au imekuza, na karatasi zote hazifai.

KITAMBAA

Kifue kabla ya kukikata, ukianike, ukipige pasi. Pamba hupungua ikiingia maji, na afadhali ipungue mezani kuliko mwilini. Kila kipande cha kiolezo kina mshale. Mshale huo sharti uende sambamba na ule ukingo wa kitambaa usiofumuka. Pima kutoka ncha mbili za mshale hata ukingoni. Vipimo vikilingana, choma pini. Ukiupuuza mshale, sketi itajisokota miguuni baada ya kufuliwa mara ya pili, na pasi haitakusaidia.

Kitenge chenye ndege au maua yaliyosimama chataka vichwa vyote vielekee juu, mbele na nyuma. Kwa hiyo nunua ziada kidogo. Picha kubwa usiiweke juu ya kila titi, wala katikati ya makalio. Ukishona kanga, fikiri zaidi, kwa maana kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Tandaza kwanza, usome jina lake, ndipo uamue litakaa wapi. Likikaa chini juu ya pindo la gauni lapendeza. Likikatika katikati, wasomaji wako njiani watamalizia wenyewe maneno usiyoyakusudia.

JARIBU KWA SHUKA KUUKUU

Hapa ndipo wengi wanapoona uvivu. Chukua shuka lililochakaa au amerikani ya bei nafuu, ukate sehemu ya juu ya gauni na nyonga, uishone kwa bandi, uivae. Inua mikono. Keti. Chuchumaa kama unayewasha moto. Inama kama unayembeba mtoto mgongoni. Panapovutika, weka alama ya chaki. Panapolegea, choma pini. Kisha peleka marekebisho hayo kwenye karatasi. Jioni moja ya shuka kuukuu yaweza kuokoa kitenge kizima, na kiolezo kilichorekebishwa ni chako kwa magauni mengi yajayo. Kiandike jina na tarehe, ukihifadhi katika bahasha.

KUSHONA KWA TARATIBU

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, maana hupoteza makali. Alama zote za pembeni na za dati zihamishe kwa chaki kabla ya kuondoa karatasi. Kisha fuata mpango huu: kwanza shona mstari mmoja kuzunguka shingo, karibu na ukingo, ili isivutike unapoishika. Ndipo dati, yaani vile vikunjo vya pembetatu vinavyofuata kifua na kiuno. Kisha mabega, kisha shingo na kitambaa chake cha ndani, kisha mikono, kisha ubavu, kisha zipu au vifungo, na mwisho pindo. Kila mshono ukiisha, upige pasi kabla ya kuuvuka kwa mshono mwingine. Watu husema gauni fulani laonekana limeshonwa nyumbani. Mara nyingi sababu yake si mshono, ni pasi iliyoachwa. Penye mviringo, kama shingoni, kata vijino vidogo katika nafasi ya mshono bila kugusa uzi, nayo shingo italala vizuri.

LIFANYE LIWE LAKO

Gauni likikukaa sawasawa, waweza kulibadili utakavyo. Anyonyeshaye aweke vifungo mbele hata kiunoni. Aendaye shamba au sokoni aongeze mifuko miwili yenye kina katika mishono ya ubavu. Mwenye kitambaa kisicho na maua azungushe utepe wa kitenge shingoni na mikononi. Utepe huo ukatwe hanamu, ndipo utakapofuata mviringo bila kukunjamana. Kola yaweza kuondolewa, mkono waweza kufupishwa, marinda yaweza kuwekwa mahali pa dati za kiunoni. Lakini badili jambo moja au mawili kwa gauni moja. Ukibadili yote mara moja, hutajua kosa lilitoka wapi.

Kwa binti anayekua, fikiri mwaka ujao. Acha pindo la sentimita 8 badala ya 4, na mishono ya ubavu iwe mipana, sentimita mbili na nusu. Akirefuka, utafumua pindo na kulishusha. Akipanuka, utaachia ubavu. Alama ya pindo la zamani yaweza kufunikwa kwa utepe, na wageni watadhani ni pambo. Gauni moja litamfikisha alikotakiwa kununuliwa mawili.

Na huyo binti, usimfukuze karibu na cherehani. Mpe akushikie futi, mpe asome jedwali, mwachie agawanye hizo sentimita kwa nne. Hesabu aliyoiogopa darasani ataielewa hapo, na atajifunza mapema kwamba mwili wake ndio wa kupimwa kwanza, na nguo ifuate. Haya basi, toa kile kitenge sandukuni, kiloweke leo jioni. Kesho kikikauka, mwite jirani akupime.