Spika za Bei Ghali na Ukali wa Sauti Nyembamba

Mlio mkali si lazima uwe mlio safi. Wengi waingiapo dukani kununua spika za bei ghali huvutwa na ile inayong'ara kuliko nyenziwe: herufi za "s" na "sh" husikika waziwazi, na matari hulia kana kwamba yamo chumbani. Mnunuzi hudhani amepata ubora, ilhali huenda mtengenezaji amezidisha tu sauti nyembamba.

Sikio zima la mwanadamu husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi 20,000, na wepesi wake mkubwa uko takriban baina ya 2,000 na 5,000. Fletcher na Munson walilipima jambo hili nchini Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Spika adilifu hutoa masafa yote kwa uwiano, bila kuyapendelea haya na kuyadhulumu yale. Ikizidisha desibeli 3 tu upande wa juu, nguvu ya milio hiyo imekaribia kuwa maradufu. Dakika tano za kwanza hupendeza. Baada ya saa nzima, kichwa huchoka.

Katika miaka ya 1980, Floyd Toole, mtafiti wa Kanada, aliwasikilizisha watu spika wasizoziona. Wenye masikio mazima walielekea kupenda zile zenye uwiano ulionyooka. Jina na bei vilipofichwa, sikio lilihukumu kwa haki.

Liko la pili, nalo lahusu nyumba zetu. Umri ukisonga, sauti nyembamba ndizo zitutokazo kwanza. Baba wa miaka 55 akichagua kwa sikio lake pekee, aweza kupenda ukali unaofidia alichopungukiwa, na mtoto wake wa miaka 10 akaubeba ukali huo wote kila siku.

Basi, uendapo dukani, fuatana na vijana wako. Chukua sauti ya mzungumzaji uliyemzoea, maana sauti ya mtu haimdanganyi amjuaye. Taka spika zilinganishwe kwa kiwango kimoja, kwani iliyo juu kidogo huonekana bora. Sikiliza nusu saa, si dakika mbili. Na nyumbani, ikiwa sakafu ni ya vigae na kuta ni tupu, tandika zulia na utundike mapazia mazito kabla ya kuilaumu spika.