Manjano: Dawa ipo, kazi ni kuifikisha

WENGI wanaougua baridi yabisi hununua tembe za manjano wakitarajia kupunguza uvimbe na maumivu. Matumaini hayo yana msingi. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, ambayo imeonekana mara nyingi katika maabara kutuliza uvimbe. Mbona basi mtu hula mchuzi wenye manjano kila siku na goti likaendelea kuuma?

Kwanza, kiasi chake ni kidogo: katika gramu 100 za unga wa manjano, kurkumini huwa takriban gramu 3 tu. Pili, haiyeyuki vizuri majini, na ile inayopenya utumbo hubadilishwa upesi na ini kisha ikatolewa mwilini.

Mwaka 1998, watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini. Katika damu yao ilionekana kidogo mno, au haikuonekana kabisa. Ilipochanganywa na kemikali ya pilipili manga, kiasi kilichofika kwenye damu kiliongezeka karibu mara 20.

Lakini kufika kwenye damu si kufika panapohitajika. Ndiyo maana wanasayansi wanajaribu kuifunga kurkumini ndani ya chembe za nano, ambazo ni ndogo kiasi kwamba unene wa unywele mmoja huzishinda mara mia kadhaa. Baadhi yake ni vifuko vya mafuta, na kurkumini hukaa vyema ndani ya mafuta.

Vifuko hivyo hulenga makrofaji. Hizi ni seli za kinga ambazo kazi yake ni kumeza takataka na viini vya maradhi. Zinapochokozwa, hutoa kemikali zinazoleta uvimbe. Zikikutana na chembe ya nano, huimeza kama zinavyomeza kitu chochote kigeni, na dawa hufunguka humo humo uvimbe unakoanzia.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, walitumia vifuko vinavyotolewa na seli zenyewe za mwili. Panya ambao kinga yao ilichochewa kiasi cha kuhatarisha maisha walilindwa vizuri zaidi kuliko kwa kurkumini peke yake.

Njia hii si ngeni kwa tiba ya hapa Kenya. Vimelea vya kala-azar, maradhi yanayosumbua Baringo, Pokot Magharibi na Turkana, hujificha ndani ya makrofaji. Amfoterisini B iliyofungwa katika mafuta huwafuata humo, na haiumizi figo sana kama ile ya kawaida.

Hata hivyo, kurkumini ya nano bado haijawa tiba iliyothibitishwa. Ushahidi mwingi umetoka maabara na kwa wanyama. Tena, dawa inayoingia mwilini kwa wingi yaweza pia kudhuru. Mwaka 2019, serikali ya Italia ilitoa onyo kuhusu bidhaa za manjano baada ya baadhi ya watumiaji kuugua ini.

Manjano ya jikoni hayana neno. Lakini usiache dawa ulizoandikiwa kwa ajili ya tembe za dukani. Ukizitumia, mwarifu daktari wako, hasa ikiwa unameza dawa za kuzuia damu kuganda. Na ukiona macho yanageuka manjano au mkojo kuwa mweusi, ziache mara moja uende hospitali.