Pampu ya Majitaka Hununuliwa Mara Mbili

Huku kwetu Kiriba, mkoani Mara, pampu inayojulikana ni ya maji safi. Kwa jirani zetu wa Mugango ndiko yanakovutwa maji ya Ziwa Victoria yapandishwe Kiabakari hadi Butiama, katika mradi uliogharamiwa na Serikali, benki ya BADEA na Mfuko wa Maendeleo wa Saudia. Bomba likitoa maji, watu hushangilia. Mimi niliyemaliza ujana wangu nikifungua mota, mpaka vijana wa karakana wakaniita Mama Beringi, huwaza upande wa pili. Wahandisi hukadiria kuwa kama asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka yakiwa machafu. Huenda wapi?

Kijijini huishia uani na kwenye choo cha shimo. Musoma mjini nyumba nyingi zina karo. Likijaa, unaita gari la kunyonya. Mwanza wametangulia: mamlaka yao ya maji, MWAUWASA, ina mtandao wa mabomba unaopeleka majitaka kwenye mabwawa ya Butuja, Ilemela. Lakini mji ule ni mawe na vilima, na majitaka yakishateremka ukingoni mwa ziwa hayapandi yenyewe. Lazima yasukumwe.

Pampu ya kazi hiyo si kama ile ya Mugango. Huzamishwa ndani ya kisima cha zege, kwenye uchafu wenyewe, ikimezeshwa kila tunachotupa chooni: vitambaa, pedi, nepi, mchanga, mafuta ya kupikia yaliyoganda. Ndiyo maana impela yake, lile gurudumu linalosukuma maji, huachiwa njia pana. Kati ya impela na mota kuna sili ya kuzuia maji. Ikichoka, maji hupenya na mota huungua. Kituo cha maana kina pampu mbili zinazopokezana, ili moja ikitolewa, nyingine iendelee. Na paneli ya umeme ikae juu sana: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana tangu miaka ya 1960, na walioweka vitu vyao chini walijuta.

Tuje kwenye ununuzi. Mamlaka ya maji haiendi tu dukani na pesa mkononi. Kuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, na zabuni hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST uliochukua nafasi ya TANePS. Kabla ya hapo, mhandisi huandika anachotaka: maji kiasi gani kwa saa, yapande mita ngapi, umeme gani. Hapo akikosea, mfumo hautamwokoa. Ataletewa alichoandika.

Kosa kubwa zaidi ni kutazama bei ya siku moja. Chukua pampu ya kuinua mita za ujazo 50 kwa saa, kwenda juu mita 20. Pampu na mota nzuri, zikitumia vyema asilimia 65 ya umeme, zitakula kilowati 4.2. Za asilimia 45 zitakula zaidi ya kilowati 6. Kwa saa 10 kila siku, tofauti ya mwaka inazidi uniti 6,500. Ukikadiria uniti kwa shilingi 300, ni karibu milioni 2, kila mwaka. Rahisi ghali. Pampu unainunua kwenye zabuni, kisha unaendelea kuinunua kwenye bili ya umeme.

Matunzo yake hayana uchawi. Unaipandisha kwa mnyororo, unatoa vitambaa, unapima waya kwa kipimo cha mega, unasoma ampea na kuandika daftarini. Ukifungua mafuta ya chemba ya sili ukayakuta meupe kama maziwa, maji yameshapita: badilisha sili leo, au mwezi ujao utalipa kuwaindi mota nzima. Na usishuke kisimani bila kupima hewa na bila mtu juu ameshika kamba. Gesi ya mle huua hata anayefuata kuokoa.

Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, pampu iliyoletwa kwa msaada ilikufa kwa kukosa sili. Hapa nchini haikuwepo, na fungu la spea halikuwa limetengwa. Majitaka yalimwagika mtaani huku tukisubiri kifurushi kutoka Ulaya.

Maji yakizidi kuenea huku Mara, siku ya kusukuma majitaka nayo itafika. Mdhibiti wa huduma za maji, EWURA, huita wananchi kutoa maoni kabla ya kupanga bei mpya, na huko wengi hubishania bei ya uniti ya maji tu. Ndugu zangu, ulizeni na haya: spea zinapatikana nchini? Fundi amefundishwa na aliyeuza? Fungu la matengenezo liko kwenye bajeti ya mwaka huu? Pasipo majibu, zabuni ya pampu irudishwe mezani kabla mkataba haujasainiwa.