DESTURI HUFUNDISHA MOYO NA TUMBO

Kwa nini wewe unafurahi ukiona kumbikumbi wanaruka wakati wa mvua, lakini mgeni wa Ulaya akiwaona katika sahani anataka kutapika? Je, tumbo lake limeumbwa namna nyingine? Hapana. Ni desturi iliyomfundisha. Hata Wazungu hawapatani: Wabelgiji wengi wamekula nyama ya farasi, lakini Waingereza inawachukiza.

Mtoto hazaliwi na mwiko. Anatazama uso wa mama yake. Mama akikunja uso mbele ya chakula, mtoto anajifunza kukiogopa. Akiwa mtu mzima, anafikiri ni mwili wake unaokataa. Mtume Petro alikuwa na njaa kule Yafa, lakini alikataa vyakula alivyofundishwa tangu utoto kwamba ni najisi (Matendo 10). Hakuwa mjinga. Moyo wake ulishika mafundisho ya wazee wake.

Desturi inafundisha macho pia. Tufikiri ugonjwa wa bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka, anakataa kula, hachezi tena. Mtu mmoja anasema, "Amenenepa." Wa pili anasema wazazi wamevunja mwiko. Wa tatu anatafuta mlozi. Kila mtu anaona alichofundishwa kuona, na siku zinapita. Mtoto anaweza kufa, na kando ya nyumba kuku wanataga.

Lakini usidharau mambo yote ya wazee. Mwaka 1933 munganga mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari za ugonjwa huu kule Gold Coast, inayoitwa leo Ghana. Baadaye akauita kwashiorkor, kwa neno la kabila la Ga: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amefuata. Wamama wa huko walijua unaanza wakati gani. Kwetu pia, desturi ya kunyonyesha muda mrefu ni njema. Uishike.

Basi tuache mwiko gani? Ule unaomnyima mama na mtoto mayai, kuku ao samaki. Bugali ya mihogo peke yake inashibisha tumbo, lakini haijengi mwili. Mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha, tena umpe yai lililoiva vizuri, maharagwe yaliyopondwa, sambaza waliosagwa, karanga ao soja ndani ya uji.

Miguu ya mtoto ikivimba, bonyeza kwa kidole, kisha uondoe. Shimo likibaki, mlete hospitali siku ile ile. Tutamlisha kidogo kidogo, maana chakula kingi kwa mara moja kinaweza kumdhuru.

Wababa, nanyi msikie. Mara nyingi mama haogopi yai lenyewe. Anaogopa maneno ya mama mkwe na ya majirani. Leo jioni, mpe yai mbele ya watu wote. Mtoto atatazama nyuso zenu, naye atajifunza.